Kwa nini wanamgambo wa makaburu walishindwa kuuzuia uchaguzi wa 1994?

Swali: "Mimi ni mwalimu wa historia katika sekondari moja mkoani Dodoma. Kila nikifika kwenye mada ya Afrika Kusini kati ya 1990 na 1994, wanafunzi hunibana. Wanasema makaburu wenye siasa kali walikuwa na bunduki, mafunzo ya kijeshi na hata jenerali wao, sasa mbona hawakuuzuia uchaguzi? Mmoja anadai waliogopa tu, mwingine anasema Mandela aliwahonga kwa kuwapa msamaha. Babu yangu, ambaye miaka ya sitini aliwauzia maziwa vijana wa ANC pale Kongwa na anasema alimfahamu Chris Hani kwa sura, anaamini kwamba waliomuua walitumwa na serikali. Nifundishe nini? Na je, kuwasamehe wauaji kulikuwa haki?"

Jibu: Mwalimu, asante kwa swali lililopangwa vizuri, na babu nifikishie shikamoo yangu. Ndani ya swali lako nayaona maswali matatu: ni nani hasa waliokuwa wakiua, kwa nini hawakufanikiwa, na kama kuwasamehe kulikuwa haki. Nitayafuata kwa mpangilio huo, ingawa la pili litachukua nafasi kubwa zaidi, kwa kuwa ndilo ambalo vitabu vya kiada hulipita kwa sentensi moja.

Kwanza waondoe wanafunzi wako kwenye dhana kwamba makaburu walikuwa kitu kimoja. Kufikia 1990 kulikuwa na angalau makundi matatu ambayo hayakupatana. Chama cha National cha F. W. de Klerk kilikuwa madarakani, na tarehe 2 Februari 1990 ndicho kilichoifungulia ANC na vyama vingine vilivyopigwa marufuku. Kulikuwa na Chama cha Conservative, upinzani mkuu katika bunge la wazungu, ambacho kilimwita de Klerk msaliti lakini kikaendelea kukaa bungeni. Na nje ya bunge kulikuwa na wanamgambo, ambao waliojulikana zaidi ni AWB, yaani Afrikaner Weerstandsbeweging, kundi lililoasisiwa mwaka 1973 mjini Heidelberg na Eugène Terre'Blanche, aliyewahi kuwa polisi. Walivaa sare za kaki, wakapeperusha bendera nyekundu yenye alama ya saba tatu iliyofanana mno na ya Wanazi, na walichodai ni nchi ya makaburu peke yao, iliyokatwa kutoka Afrika Kusini.

Dhana ya pili ya kurekebisha ni ngumu zaidi. Katika miaka ile minne watu wapatao 14,000 waliuawa katika vurugu za kisiasa, na wengi wao hawakuuawa na wanaume wa sare za kaki. Waliuawa Natal na katika vitongoji vya mashariki mwa Johannesburg, kwenye vita kati ya wafuasi wa Inkatha, chama chenye wafuasi wengi Wazulu, na wa ANC, vita ambavyo maofisa fulani wa vyombo vya dola walivichochea kwa siri. Tume ya Jaji Richard Goldstone, iliyochunguza vurugu hizo, ilieleza Machi 1994 jinsi maofisa wa juu wa polisi walivyohusika kuwapatia Inkatha silaha, na kabla ya hapo, Desemba 1992, de Klerk alikuwa amewastaafisha au kuwasimamisha maofisa 23 wa jeshi baada ya kuchunguza shughuli zao za siri. Kwa hiyo mwanafunzi akisema kwamba mrengo wa kulia ulikuwa kelele tu, ana sehemu ya ukweli kuhusu AWB, lakini amekosea kabisa kuhusu wale waliokuwa wakilipwa mshahara na serikali huku wakiihujumu.

Basi wanamgambo walikuwa hatari kwa namna gani? Hapa naomba tutulie kidogo. Kikundi cha watu elfu chache wenye bunduki za kuwindia na magari ya mashambani hakiwezi kutawala nchi ya watu milioni 40, na viongozi wake walilijua hilo. Nguvu ya kikundi kama hicho hutegemea mambo mawili ambayo hakiyamiliki. La kwanza ni jeshi la serikali: likigawanyika, au likikataa kuwazuia, kikundi kidogo kinageuka kuwa mwanzo wa mapinduzi. Wazungu karibu wote wa umri wao walikuwa wamepitia jeshi kwa lazima, na wengi walikuwa bado askari wa akiba, hivyo tumaini hilo halikuwa ndoto ya mlevi. La pili ni hasira ya upande wa pili: ukiua mtu anayependwa sana, wafuasi wake wakalipiza kisasi mitaani, serikali italazimika kutangaza hali ya hatari, mazungumzo kati ya serikali na ANC yatavunjika, na wazungu waliokuwa wakisitasita watakimbilia kwako. Ukiyashika mambo hayo mawili, matukio yote makubwa ya 1993 na 1994 yanaeleweka.

Njia ya hasira ndiyo iliyojaribiwa kwanza. Jumamosi ya Pasaka, tarehe 10 Aprili 1993, Chris Hani, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Chama cha Kikomunisti na kabla ya hapo mnadhimu mkuu wa Umkhonto we Sizwe, jeshi la ANC, alikuwa amewapa walinzi wake mapumziko. Alitoka kununua gazeti, akarudi nyumbani kwake Dawn Park, Boksburg, mtaa uliokuwa na wakazi wazungu na weusi. Aliposhuka kwenye gari, Janusz Waluś, mhamiaji kutoka Poland, akampiga risasi. Bastola aliyoitumia ilikuwa miongoni mwa silaha zilizoibwa mwaka 1990 kwenye ghala la jeshi la anga huko Pretoria, na aliyempa ni Clive Derby-Lewis, mwanasiasa wa Chama cha Conservative aliyewahi kuwa mbunge. Nyumbani kwa Waluś polisi walikuta orodha ya majina tisa yenye anwani. Mandela alikuwa wa kwanza, Joe Slovo, kiongozi mwenzake Hani katika Chama cha Kikomunisti, wa pili, Hani wa tatu.

Mpango ulikuwa mzuri kwa maana ya uovu wake, kwa sababu Hani alipendwa na vijana wa vitongoji kuliko kiongozi mwingine yeyote baada ya Mandela. Kilichouharibu kilianza na jambo dogo. Jirani, mwanamke kaburu, aliiona gari nyekundu ikiondoka, akaikariri namba yake na kuwapigia polisi simu, nao wakamkamata Waluś baada ya muda mfupi akiwa bado na bastola garini. Baada ya mauaji hayo Mandela, ambaye hakuwa na cheo chochote serikalini, alihutubia taifa kupitia televisheni ya serikali. Hakuificha rangi ya muuaji, ila aliiweka bega kwa bega na rangi ya jirani: mzungu aliyejaa chuki ametenda unyama huu, na mzungu mwingine, mwanamke wa kikaburu, amehatarisha maisha yake ili muuaji apatikane. Siku zilizofuata hazikuwa za amani, na makumi ya watu walikufa katika ghasia. Hata hivyo nchi haikulipuka, na badala ya mazungumzo kuvunjika yaliongezwa kasi. Mapema Juni wajumbe walikubaliana kwamba uchaguzi ufanyike tarehe 27 Aprili 1994. ANC walikuwa wakidai tarehe kwa muda mrefu bila kuipata. Kifo cha Hani ndicho kilichowaonyesha watu wa de Klerk kwamba kuchelewa nako kuna gharama yake.

Tarehe 25 Juni 1993 wanamgambo walifika hadi mlangoni mwa mazungumzo yenyewe. Gari la deraya lilivunja milango ya vioo ya jengo la World Trade Centre huko Kempton Park, mamia wakamiminika ndani, wakaandika matusi ukutani na kukojoa ndani ya ukumbi. Wajumbe walijifungia katika ofisi. Polisi, wengi wao, walisimama wakitazama. Ukiwasimulia wanafunzi tukio hili, watacheka kwa ajili ya mkojo, na waache wacheke, lakini warudishe kwa wale polisi waliotazama. Tukio lile halikushinda kitu mezani, kwani mazungumzo yaliendelea, ila lilimwambia kila mwenye macho kwamba swali halisi lilikuwa: siku ikifika, vyombo vya dola vitamtii nani?

Hapo ndipo anapoingia Jenerali Constand Viljoen, ambaye naamini ndiye aliyekusudiwa na wanafunzi wako waliposema "jenerali wao". Alikuwa mkuu wa majeshi kuanzia 1980 hadi 1985, akastaafu na kuwa mkulima. Mei 1993 yeye na majenerali wenzake waliunda Afrikaner Volksfront, mwavuli wa vyama na vikundi vya mrengo wa kulia. Terre'Blanche alikuwa na farasi na hotuba. Viljoen alikuwa na heshima ya askari waliowahi kupigana chini yake Angola, na iliaminika kwamba angeweza kukusanya makumi ya maelfu ya wenye silaha. Kama kulikuwa na mtu wa kuligawa jeshi, ni huyu.

Mandela aliamua kuzungumza naye. Kiungo kilikuwa Braam, pacha wa jenerali, mwanateolojia aliyeupinga ubaguzi wa rangi kwa miaka mingi kiasi kwamba ndugu hawa wawili hawakuelewana. Kuanzia Agosti 1993 ikafanyika mikutano ya siri, wa kwanza nyumbani kwa Mandela Houghton, ambako mwenyeji aliwaandalia wageni wake chai kwa mkono wake mwenyewe. Hoja yake kwao, kwa maana yake, ilikuwa kwamba mna uwezo wa kuanzisha vita na sisi hatuna uwezo wa kuwashinda kwa silaha, lakini hamtaweza kutumaliza, na mtakachobaki nacho baada ya vita hakitakuwa nchi. Hakuahidi kuwapa nchi ya makaburu. Aliahidi kwamba wazo hilo litajadiliwa kwa njia za kikatiba, na Viljoen akaendelea kusikiliza huku akiendelea kujiandaa kwa vita. Alibaki katika hali hiyo ya miguu miwili hadi Machi 1994.

Machi hiyo ndiyo iliyoamua. Lucas Mangope, mtawala wa Bophuthatswana, mojawapo ya zile "nchi" za bandia zilizobuniwa na utawala wa ubaguzi, alikataa eneo lake lishiriki uchaguzi. Watumishi wa umma waligoma wakihofia mishahara na pensheni zao, polisi wakaasi, na Mangope akamwomba Viljoen msaada. Viljoen alituma watu wenye nidhamu ya kijeshi, kwa sharti kwamba AWB wasije. AWB wakaja bila kualikwa, wakazunguka mitaa ya Mmabatho na Mafikeng wakiwapiga watu risasi ovyo kutoka kwenye magari yao. Askari wa Bophuthatswana, ambao Mangope alitegemea wasaidiwe na wageni hao, waliwageuzia bunduki. Tarehe 11 Machi wanamgambo watatu waliokuwa ndani ya Mercedes walijeruhiwa, wakalala kando ya gari wakiomba gari la wagonjwa, na polisi mmoja mweusi akawaua mbele ya kamera za waandishi wa habari.

Picha zile ziliwafikia wazungu wote nchini usiku uleule. Ulikuwa uuaji wa watu waliokwisha kujeruhiwa, na usiwafiche wanafunzi hilo. Lakini pia zilimaliza ndoto ya vita vya heshima. Mkulima wa Transvaal aliyekuwa akiisafisha bunduki yake aliona kwamba vita vyenyewe ni kufa vumbini kando ya gari, na kwamba jeshi la taifa, lilipotumwa Bophuthatswana, lilitumwa kurejesha utulivu wala si kuungana na wanamgambo. Viljoen aliwaondoa watu wake, akaachana na AWB kwa hasira, na ndani ya saa chache akakisajili rasmi chama chake kipya, Freedom Front, pamoja na orodha ya wagombea wake. Mangope aliondolewa madarakani. Katika uchaguzi Freedom Front ilipata asilimia 2.2 ya kura na viti tisa, naye jenerali akawa mbunge.

Sasa umjibu nini yule mwanafunzi anayesema waliogopa? Mwambie woga ulikuwepo, lakini uliandaliwa. Miaka miwili kabla, Machi 1992, wapiga kura wazungu walikuwa wameunga mkono mazungumzo kwa asilimia 68.7, hivyo wanamgambo hawakuweza tena kudai kwamba wanawasemea wazungu wote. Mwaka huohuo Joe Slovo, mkomunisti ambaye mrengo wa kulia ulimchukia kuliko shetani, alipendekeza kwamba watumishi wa serikali ya zamani, wakiwemo wanajeshi, walindiwe ajira na mafao yao kwa kipindi cha mpito na madaraka yagawanywe kwa muda. Wengi ndani ya ANC waliliona pendekezo lile kama usaliti. Kwa maoni yangu lilizuia damu nyingi kuliko hotuba yoyote, kwa sababu ofisa anayejua kwamba pensheni yake ipo salama hana haraka ya kumfuata Terre'Blanche msituni. Lakini bei yake ilikuwa kubwa: watesaji wengi waliendelea kupokea mshahara na kustaafu kwa amani.

Waliobaki baada ya Mafikeng walikuwa wachache na hatari. Desemba iliyotangulia, watu wa AWB walikuwa wameweka kizuizi cha uongo barabarani mahali paitwapo Radora, wakasimamisha magari na kuwaua abiria wanne. Tarehe 24 Aprili 1994 bomu la gari lililipuka katikati ya Johannesburg, jirani na makao makuu ya ANC, na kuua watu tisa. Kesho yake jingine likaua watu kumi kwenye stendi ya Germiston. Siku ya kupiga kura jingine likalipuka uwanja wa ndege. Polisi waliwakamata washukiwa zaidi ya 30 ndani ya siku chache. Ukiwalinganisha na polisi wale wa Kempton Park miezi kumi nyuma, utaona ni kiasi gani utii ulikuwa umehamia upande mwingine. Na foleni za wapiga kura hazikupungua.

Nije kwa babu. Imani yake si ya mtu aliyechanganyikiwa. Nchi ambayo vyombo vyake vya dola vilikuwa na vikosi vya kuua watu kwa siri, na bastola ambayo asili yake ni ghala la jeshi, vinamfanya yeyote aulize. Kilichothibitishwa ni hiki: mahakama iliwatia hatiani Waluś na Derby-Lewis, na Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyochunguza uhalifu wa enzi ya ubaguzi, ilisema haikupata ushahidi kwamba walipokea amri kutoka vyombo vya usalama au kwa wakubwa wa mrengo wa kulia. Tume hiyohiyo, kupitia Kamati yake ya Msamaha, iliona pia kwamba wawili hao hawakusema ukweli wote, hasa kuhusu ile orodha ya majina. Familia ya Hani na chama chake hawakuridhika. Darasani yatenganishe: yaliyothibitishwa useme yamethibitishwa, na ya babu useme ni shaka inayoshikiliwa na wengi kwa sababu zinazoeleweka. Usiyafute, na usiyafundishe kama ukweli uliokamilika.

Kuhusu msamaha, mwanafunzi wa pili amechanganya mambo. Msamaha haukuwa hongo waliyogawiwa wanamgambo kwa ujumla. Sheria ya 1995 ilimtaka kila mwombaji aje mwenyewe, aeleze kila alichofanya, na athibitishe kwamba kitendo kilikuwa na lengo la kisiasa. Maombi yalizidi 7,000, na mengi yalikataliwa. Waluś na Derby-Lewis walinyimwa mwaka 1999. Adhabu yao ya kifo iligeuzwa kuwa kifungo cha maisha baada ya adhabu hiyo kufutwa nchini. Derby-Lewis alitolewa mwaka 2015 akiwa mgonjwa na akafa mwaka uliofuata, na Waluś aliachiwa kwa amri ya Mahakama ya Katiba mwaka 2022, kisha akarudishwa Poland Desemba 2024. Hata hivyo kuna upande ambao mwanafunzi wako ameugusa bila kujua: awali msamaha ulihusu matendo ya hadi Desemba 1993, na serikali ya Mandela ikausogeza ukomo hadi tarehe 10 Mei 1994, jambo lililowafungulia mlango watu wa Mafikeng na wa mabomu ya Aprili. Polisi aliyewaua wale watatu kando ya Mercedes naye alipita mlango huohuo, akasamehewa.

Je, ilikuwa haki? Familia ya Steve Biko, mwanaharakati aliyefia mikononi mwa polisi, na nyingine zilikwenda Mahakama ya Katiba mwaka 1996 kudai kwamba hakuna tume yenye mamlaka ya kuwanyang'anya haki ya kushtaki, na zikashindwa. Mimi nadhani zilikuwa na hoja nzito kuliko hukumu ilivyokubali. Utawala mpya ulikuwa na njia tatu. Kuwashtaki wote kungehitaji polisi na waendesha mashtaka walewale waliorithiwa kutoka utawala wa zamani, na kungempa jenerali sababu ya kurudi kwenye bunduki. Kusamehe wote bila masharti kungezika ukweli pamoja na waliokufa. Njia ya kati ilichaguliwa, lakini nusu yake ya pili, yaani kuwashtaki waliokataa kuomba au walionyimwa, ilitekelezwa kwa uvivu mkubwa, na hapo ndipo lawama inapostahili kukaa. Waache wanafunzi wabishane juu ya hili; ni mada inayofaa mdahalo kuliko lile la nani aliogopa.

Jambo la mwisho siwezi kukusaidia kwa maandishi. Kumbukumbu za babu kuhusu Kongwa hazina nakala. Mrekodi sasa, kwa sauti, kwa vikao vifupi, umwache aanze na maziwa na majina ya watu badala ya siasa, na andika tarehe ya kila kikao. Akionekana kuchoka au kuhuzunika, simamisha. Kisha nenda mwenyewe Nyaraka za Taifa au kwenye programu ya Urithi wa Ukombozi wa Afrika jijini Dar es Salaam, uwaulize namna ya kuhifadhi nakala, kwa maana wao wanaweza kukaa naye na kumwonyesha picha za kambi na za watu wa wakati ule, na picha hufungua mengi ambayo maswali hayafungui. Ukitaka kuwapeleka wanafunzi Kongwa, zungumza kwanza na ofisi ya wilaya kuhusu kuingia kwenye majengo ya zamani ya kambi na makaburi ya wapigania uhuru, na babu akiweza kutembea, mpe nafasi ya kiti cha mbele kwenye basi.